Ukitumwa Kumchagulia Rafiki Kompyuta ya Gemu

Swali hili limenifikia kwa sura nyingi, na muulizaji aghalabu ni mtu wa namna moja: kijana asifikaye mtaani kwake kuwa anazijua kompyuta, ambaye sahibu yake amemwendea na fedha za wastani mkononi, akamwambia, "Wewe ndiye mjuzi, nichagulie vifaa, nataka kucheza gemu." Wameuliza wa Dar es Salaam na wa Mombasa, wameuliza wa Nairobi, na wameuliza pia jamaa zetu walioko Muscat na Dubai, ambao ndugu wa nyumbani, walioacha kuagiza saa na redio, siku hizi huwaagiza prosesa na kadi za michoro. Kwa kuwa majibu mafupi mafupi huzaa maswali mengine, nimeona kheri niandike jibu moja refu, lenye hatua na maonyo, wala si lenye nadharia.

Nisemapo fedha za wastani nakusudia kiasi cha dola 800 hadi 1,000 za Kimarekani kwa kasha na vilivyomo ndani yake, bila skrini. Yaani laki moja na ushei kwa shilingi za Kenya, au milioni mbili na ushei kwa za Tanzania. Mwenye nusu ya hizo na asome sehemu ya mtumba. Mwenye maradufu yake hana haja ya shauri langu, ila tu aangalie asiibiwe.

Kabla ya yote: mali si yako

Ukijinunulia mwenyewe una ruhusa ya kubahatisha, kwa sababu hasara ikija itakaa kwako na ujuzi utabaki kwako. Unapomnunulia mwenzio umeshika amana, tena amana ambayo ikizimika saa tano za usiku, simu italia kwako, si kwa mwenye duka. Kwa hiyo kipimo changu katika kila hatua itakayofuata ni hiki: chagua vifaa ambavyo rafiki yako ataweza kuishi navyo wewe ukiwa safarini, vinavyopatikana madukani, vyenye dhamana iliyo karibu, visivyodai mkono wa fundi kila mwezi. Kasi nayo ni njema, lakini ifuate nyuma ya hayo.

Maswali ya kumwuliza

Kosa la kwanza, ambalo hutendwa kabla hata senti moja haijatoka, ni kuanza na orodha ya vifaa ilhali hujajua anachokitaka mtu. Muulize haya, na majibu uyaandike:

1. Anacheza gemu gani? Usikubali jibu la "zote". Mtake aseme tatu anazocheza sasa na moja anayoitamani. Mpenzi wa Valorant, Counter-Strike 2 au eFootball anahitaji prosesa yenye nguvu na skrini ya kasi kuliko kadi kubwa. Anayetamani Cyberpunk 2077 au Red Dead Redemption 2 ndiye ambaye kadi ya michoro itamla fedha.
2. Skrini ipo, au itanunuliwa kwa fedha hizi hizi?
3. Ana nini tayari: kibodi, kipanya, diski ya zamani, Windows halali?
4. Umeme wa kwake hukatika mara ngapi, na ukirudi hurudi kwa kishindo?
5. Kompyuta itakuwa na kazi nyingine, mathalan kuhariri video au masomo ya chuo?
6. Fedha ni zote, au kuna nyongeza mwezi ujao?

Majibu ukishayaandika, mpelekee ayasome na ayakubali kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Usione haya kumfanyia hivyo rafiki. Maneno ya mdomo hubadilika fedha zikishatoka, na urafiki mwingi umetiwa doa na neno "mimi sikusema hivyo".

Kugawa fedha

Katika kila 100 ya fedha zake, napenda zigawanyike kwa kadiri hii, ambayo ni mizani yangu wala si sharia:

- kadi ya michoro, 35 hadi 40;
- prosesa pamoja na mazabodi, 25;
- memori na SSD, 20;
- pawa saplai, kasha na feni, 15.

Fungu la memori zamani lilikuwa dogo kuliko hapo. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei zake zimepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye memori za mitambo ya akili mnemba, hata kampuni ya Micron ikatangaza mwezi Desemba mwaka huo kwamba inaacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida bidhaa za rajamu yake ya Crucial. Basi mtu akikuonyesha orodha nzuri iliyoandikwa mwanzoni mwa 2025, iheshimu kwa mpangilio wake, lakini bei zake usizitegemee hata kidogo.

Kadi ya michoro

Hapa ndipo fedha nyingi zinapokwenda na ndipo ghiliba nyingi zinapokaa, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kwa skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080, ambayo ndiyo ya watu wengi, kadi zinazostahili kutazamwa ni hizi:

- Radeon RX 6600, ya mwaka 2021, yenye gigabaiti 8, inayotumia takriban wati 132. Ni ya zamani kidogo, lakini kwa gemu za mashindano bado inatosha.
- GeForce RTX 4060, ya mwaka 2023, gigabaiti 8, wati 115. Sifa yake kubwa kwetu ni huo uchache wa wati.
- GeForce RTX 5060, ya mwaka 2025, gigabaiti 8, wati 145.
- Radeon RX 9060 XT, ya mwaka 2025 pia, inayouzwa kwa namna mbili, ya gigabaiti 8 na ya 16.
- Intel Arc B580, ya mwishoni mwa 2024, gigabaiti 12, wati 190.

Wasomaji wataniuliza, "Gigabaiti 8 si zimepitwa?" Naam, zimeanza kubana katika gemu nzito za miaka hii ukitaka kila kitu kiwe juu kabisa, na mtu aliye tayari kushusha ubora wa picha hatua moja hataona shida leo. Hata hivyo, ikiwa tofauti ya bei kati ya kadi ya 8 na RX 9060 XT ya 16 ni ndogo, au rafiki yako amesema atakaa na kompyuta hii miaka mitano, basi chukua ya 16, na ukihitaji kupunguza, punguza kwenye kasha. Mchezaji wa Valorant na eFootball peke yake usimtwishe gharama hiyo.

Arc B580 ni kadi nzuri kwa bei yake, ila ina masharti mawili. Sharti BIOS ya mazabodi iwe na kile kipengele kiitwacho Resizable BAR, nacho kiwe kimewashwa. Kadhalika haipendi prosesa za zamani, ambazo huipunguzia kasi kwa kiasi cha kuonekana. Kwa rafiki anayetaka kuipachika katika kompyuta ya mwaka 2016, jibu ni hapana.

Sasa ghashi. Huko masokoni, na zaidi katika matangazo ya simuni, yapo majina ambayo msomaji akiyaona na asimame kwanza:

- "GTX 1050 Ti" ya bei ya kustaajabisha, ambayo ndani yake ni kadi ya zamani mno iliyobadilishwa BIOS ili ijitangaze kwa jina lisilo lake. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huitambua na kuliandikia jina lake neno FAKE.
- "RX 580 2048SP", ambayo kwa uhakika wa mambo ina viini vya RX 570.
- GT 1030, ambayo ipo ya memori ya GDDR5 na ipo ya DDR4. Hiyo ya pili ni dhaifu sana, na kwenye boksi tofauti yao ni herufi chache tu. Wala hata hiyo ya kwanza si kadi ya bajeti hii.
- RTX 3060 ya gigabaiti 8, ambayo haikupungua memori tu ikilinganishwa na ndugu yake wa 12. Njia yake ya memori ni nyembamba pia, na kasi imeshuka.

Kadi iliyotumika si haramu kuinunua, maadamu umeiona ikifanya kazi. Usiinunue kwa picha wala kwa kiapo. Ipachikwe mbele yako, ifunguliwe GPU-Z, kisha iendeshewe gemu au jaribio zito kwa dakika 20 au 30, nawe ukitazama joto lake, ukisikiliza feni zake, na ukiangalia kama skrini inatoa madoa ya rangi. Muuzaji akisema hana wasaa wa dakika 30, nawe huna fedha.

Prosesa na mazabodi yake

Njia za maana kwa bajeti hii ni tatu, na zote zina viini sita, ambavyo kwa gemu vinatosha.

Ya kwanza ni AMD Ryzen 5 5600 katika soketi ya AM4, pamoja na mazabodi ya B550 na memori za DDR4. Ya pili ni Intel Core i5-12400F katika soketi ya LGA1700, pamoja na mazabodi ya B660 au B760. Hapa uangalie sana, kwa kuwa mazabodi hizo zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na memori ya aina moja haiingii katika tundu la nyingine. Ya tatu ni Ryzen 5 7500F au 7600 katika soketi ya AM5 pamoja na mazabodi ya B650, ambayo hukubali DDR5 peke yake.

Nikiulizwa nichague, nitauliza swali moja tu: je, rafiki yako ni mtu wa kubadilisha vifaa baada ya miaka miwili mitatu? Kama ndivyo, AM5, kwa kuwa AMD imeahidi kuendelea kuitolea prosesa soketi hiyo hadi 2027 na baada yake. Kama ni mtu ambaye kompyuta ikishawaka hataifungua tena mpaka ife, basi Ryzen 5 5600 au i5-12400F itamfaa vizuri, na akiba ipelekwe kwenye kadi. Wapo watakaokwambia kwamba AM4 imekufa. Waulize wanakusudia nini. Ikiwa ni kwamba haitengenezewi kizazi kipya cha prosesa, ni kweli, lakini gemu haziangalii jina la soketi, zinaangalia kasi.

Makosa niyaonayo mara kwa mara katika sehemu hii:

- Kuchukua Ryzen 5 5500 kwa kudhani ni 5600 iliyopungua kidogo. Akiba yake ya ndani (kache) ni megabaiti 16 badala ya 32, na katika gemu upungufu huo hudhihirika.
- Kusahau maana ya herufi F. Prosesa yenye F haina michoro ya ndani. Kadi ikifa, skrini haitaonyesha kitu mpaka ipatikane nyingine. Kwa rafiki anayeitegemea kompyuta hiyo kwa masomo, ongeza kidogo upate yenye michoro ya ndani, wala usidhani kukosekana kwa F kunatosha, kwa kuwa Ryzen 5 5600 nayo haina michoro hiyo.
- Kununua mazabodi ya B450 iliyokaa dukani miaka, ikiwa na BIOS ya kale isiyoitambua Ryzen 5600. Muuzaji aisasishe kabla hujalipa.
- Kununua prosesa isiyo na boksi kwa sababu ni nafuu, kisha kugundua kwamba haikuja na feni yake.
- Kuhadaika na neno "i7". Muulize muuzaji, i7 ya mwaka gani? Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini vinne, na i5-12400F huiacha mbali sana, ijapokuwa tarakimu ya saba inapendeza masikioni.

Memori na hifadhi

Memori ziwe mbili zinazolingana, si moja, kwa kuwa prosesa husoma njia mbili kwa pamoja na ukiipa moja umeifunga mkono mmoja. Gigabaiti 16, yaani 8 na 8, ndicho kiwango cha chini. 32 ni nzuri bei ikiruhusu, na siku hizi aghalabu hairuhusu. DDR4 iwe ya 3200, DDR5 iwe ya 6000 au karibu na hapo. Kisha, na hili wengi hulisahau, ingia BIOS uwashe XMP au EXPO. Usipofanya hivyo memori ya 6000 itatembea kwa 4800 maisha yake yote, na rafiki yako atakuwa amelipia kasi asiyoipata.

Hifadhi iwe SSD ya aina ya NVMe, ya terabaiti moja. Gemu moja kubwa huweza kupita gigabaiti 100, hivyo ile ya 256 itajaa mapema. SSD zisizo na jina, zinazodai terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana, hudanganya ukubwa wao. Programu ya H2testw, ambayo huandika data mpaka mwisho kisha ikaisoma tena, itakudhihirishia ukweli kabla muda wa kurudisha haujapita.

Umeme

Ndugu msomaji, sehemu hii ndiyo inayorukwa na orodha nyingi za Ulaya na Marekani, kwa sababu kule umeme ukiingia ukutani watu hawaufikirii tena. Sisi tunaufikiria.

Pawa saplai iwe ya wati 550 hadi 650, ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze au zaidi. Nakuonya, hata hivyo, kwamba alama hiyo hupima jinsi umeme unavyotumika bila kupotea, haipimi uimara wa vilivyomo. Pawa saplai duni huweza kuwa nayo, na nyingine huibandika tu. Ile inayokuja bure ndani ya kasha la bei nafuu, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa na ni nyepesi mkononi, itoe uiweke kando. Ni hiyo ndiyo ikifa hutaka kufa pamoja na mazabodi.

Maonyo matatu yaliyobaki hapa ni ya kugharimu:

1. Pawa saplai nyingine za zamani zina kiswichi nyuma chenye 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Kiswichi kikiwa kwenye 115 ukaichomeka, utasikia mlipuko, nayo itakuwa imekwisha.
2. Nyaya za pawa saplai zinazochomoka haziazimwi kutoka kwa pawa saplai nyingine, hata kama tundu zinafanana na kampuni ni moja. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana, na waya usio wake huweza kuichoma SSD au kadi.
3. Adapta za kugawa waya mmoja wa SATA kuilisha kadi ya michoro usizitumie. Waya huo haukukusudiwa mzigo ule.

Kisha kinga. Fridigadi na stebilaiza husaidia umeme unapopanda na kushuka, lakini hazizuii kompyuta kuzimika ghafla katikati ya kuandika diski, na hilo ndilo linaloharibu Windows. UPS ndiyo dawa. Hapa watu hupotezwa na herufi VA: UPS iliyoandikwa 650VA kwa kawaida haibebi hata wati 400, nayo betri ikizeeka hubeba pungufu ya hapo. Kompyuta yenye RTX 4060 na Ryzen 5 5600 hula kiasi cha wati 250 wakati wa gemu, na skrini wati 30 hivi. Basi tafuta UPS ya 1000VA au zaidi, yenye kidhibiti cha volti ndani yake, na umweleze rafiki yako bayana kwamba kazi yake ni kumpa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu, si kumalizia mechi. Ndiyo maana, mahali ambapo umeme hausimami, mimi huipendelea kadi ya wati 115 kuliko ya wati 190, hata kama hiyo ya pili ina kasi zaidi kidogo.

"Fedha ya UPS haipo." Basi itolewe kwenye fungu la kasha na taa zake, au gemu zisubiri mwezi mmoja. Nimeshikilia hapo.

Joto, vumbi na chumvi

Kasha liwe na uso wa wavu, feni mbili mbele zinazovuta na moja nyuma inayotoa, na vichujio vya vumbi vinavyochomolewa bila bisibisi. Uso wa kioo kitupu hupendeza Nairobi na huadhibu Tanga. Kwa walio karibu na bahari, ambako hewa ina chumvi na bati huota kutu mapema, kasha lisikae chini ya dirisha linaloelekea pwani, lisikae sakafuni, wala lisifungiwe ndani ya kabati la meza. Vichujio vioshwe kila mwezi, na ndani pasafishwe kwa hewa ya shinikizo, si kwa kitambaa kibichi.

Skrini

Iwe ya nukta 1920 kwa 1080 na ya hezi 144 au zaidi, kwa mtu wa gemu za mashindano. Mwenye televisheni nzuri ya hezi 60 anayependa gemu za hadithi anaweza kungoja. Ukishaiunganisha, fungua mipangilio ya Windows uhakikishe hezi zimewekwa, kwa maana Windows mara nyingine huiacha kwenye 60 na mwenyewe asijue kwa mwaka mzima.

Mwenye nusu ya fedha: mtumba

Kompyuta za ofisi zilizotumika, za Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zimejaa Kariakoo na Moi Avenue, na kuna watu wamezifanya za gemu kwa akili. Inawezekana, kwa masharti:

- Usichukue zile nyembamba ikiwa unaweza kupata za mnara. Nyembamba hukubali kadi fupi tu, na pawa saplai zake ni ndogo.
- Pawa saplai na mazabodi zake mara nyingi ni za umbo na tundu za kampuni yenyewe, hivyo usitegemee kuzibadilisha kwa vifaa vya kawaida.
- Kadi iwe isiyohitaji waya wake wa umeme: RTX 3050 ya gigabaiti 6, inayotumia wati 70, au GTX 1650 ya wati 75 ambayo haina tundu la umeme.
- Prosesa iwe ya Intel kizazi cha 8 au zaidi. Windows 11 haizikubali rasmi za nyuma yake, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tena Valorant katika Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot. Vyote viwili viangalie kabla ya kulipa.

Nyumbani au Dubai?

Bei ya Dubai hupendeza kwa kuwa kodi yao ya ongezeko la thamani ni asilimia 5, ilhali Kenya ni 16 na Tanzania Bara kwa kawaida ni 18. Lakini jamaa anayekuletea kadi ndani ya begi hakuletei dhamana. Dhamana hubaki kule kwenye duka, nayo kadi ikifa mwezi wa tatu itahitaji msafiri mwingine wa kuirudisha. Kwa hiyo mimi hutenganisha. Prosesa na memori, ambazo hufa kwa nadra, ziagizwe ukitaka. Kadi, mazabodi na pawa saplai zinunuliwe nyumbani, katika duka lenye risiti ya kodi na sharti la kurudisha lililoandikwa, hata kama bei imezidi. Na chochote kiagizwacho, ushuru wa forodha uulizwe kabla, usigunduliwe uwanja wa ndege.

Siku ya kuunga

Unga kwanza nje ya kasha: mazabodi juu ya boksi lake, prosesa, feni, memori mbili katika tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, kadi, na pawa saplai. Washa. Picha ikitokea, ndipo uviingize ndani ya kasha. Ukianza ndani ya kasha, kosa dogo litakufanya ufungue skrubu zote.

Kompyuta isipowaka au ikienda taratibu, kabla hujamlaumu muuzaji angalia:

- waya wa pini 8 wa prosesa, ulio pembeni juu ya mazabodi; wengi huchomeka ule mkubwa tu;
- karatasi ya plastiki chini ya kipozea joto, kama imetolewa;
- waya wa skrini, kama umechomekwa kwenye kadi na si kwenye mazabodi;
- viguu vya shaba chini ya mazabodi, kama vipo penye tundu tu, pasiwe na cha ziada kinachogusa mgongo wake;
- memori, kama zimebana mpaka zikalia;
- draiva ya kadi, kama imetoka kwa AMD, NVIDIA au Intel wenyewe.

Ikiwaka, usiikabidhi siku hiyo hiyo. Ichezeshe gemu yake nzito saa mbili tatu ukitazama joto, kisha izime, ipoe, uiwashe tena. Vifaa vibovu vingi hujitoa siku za mwanzo, wakati duka bado linakubali kurudishiwa.

Makabidhiano

Mpe rafiki yako bahasha yenye risiti zote, orodha ya vifaa na bei zake halisi, na tarehe ya mwisho ya kila dhamana. Maboksi ayatunze, kwa kuwa duka lingine halipokei kadi bila boksi lake. Akaunti ya Windows na ya Steam aifungue mwenyewe kwa nywila yake; usifungue kwa yako kwa ajili ya haraka, maana utakuwa umejifunga kuwa mlinzi wa mlango wake.

Na akikuuliza kuhusu taa za rangi, ambazo bila shaka atauliza, mwambie huongezwa wakati wowote: feni zenye taa huuzwa popote, na kuzibadilisha ni kazi ya skrubu nne kwa kila moja. Angalia tu kwamba tundu la taa kwenye mazabodi ni la volti 5 la pini tatu au la volti 12 la pini nne, kwani taa za volti 5 zikichomekwa kwenye volti 12 huungua hapo hapo.